Meli Imeharibika Nje ya Pwani: Serikali Itumie Mamlaka Yapi, na Nani Ayashike?

Meli ya mafuta ikipoteza usukani maili 30 kutoka ufukweni huku upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, serikali ina mambo matatu ya kuamua kabla giza halijaingia. Isimame kwenye sheria ipi? Meli isukumwe baharini au iletwe mahali penye kinga? Na kati ya wote waliojazana kwenye chumba cha dharura, nani mwenye neno la mwisho? Nchi mbalimbali zimeyajibu maswali haya kwa njia tofauti, na baadhi zililipia majibu yao kwa miaka mingi.

Ulinganisho huu ni kwa anayeandika au kupitia sheria ya bahari ya nchi yake, kwa mwanafunzi wa sheria au wa unahodha, na hata kwa mvuvi anayetaka kujua amuulize nini mbunge wake. Niseme mapema ninakoegemea. Tangu mikataba ya kimataifa iwepo, serikali chache zimeshindwa kwa sababu hazikuwa na mamlaka. Nyingi zilikuwa nayo zikachelewa kuyatumia. Kwa hiyo kila njia hapa naipima kwa jambo moja kwanza: inaruhusu amri ya kwanza itoke mapema kiasi gani.

Sheria: ndani ya maili 12, nje yake, na meli inapogeuka mabaki

Ndani ya maili 12 za bahari ya nchi hakuna utata mkubwa. Maji ni ya nchi, na bunge lake linaweza kumpa ofisa uwezo wa kumwamuru nahodha atie nanga, asogee, apakue mafuta au akubali kuvutwa. Shida kongwe iko nje ya hapo, ambako meli huwa chini ya sheria ya nchi ambayo bendera yake inapepea tezini.

Iliyoianika shida hiyo ni Torrey Canyon. Tarehe 18 Machi 1967 meli hiyo yenye bendera ya Liberia ilipanda mwamba wa Seven Stones, kati ya Cornwall na visiwa vya Scilly, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Enzi hizo bahari ya Uingereza iliishia maili 3, na mwamba huo ulikuwa nje ya mpaka. Serikali ikawaachia waokoaji wa Kiholanzi wajaribu kuinasua. Meli ikavunjika mgongo, na hapo ndipo ndege za kivita zilipotumwa kuipiga mabomu ili mafuta yaliyobaki yaungue. Swali likabaki: nchi inaweza kulipua mali ya mgeni kwenye maji yasiyo yake? Jibu lilipatikana Brussels Novemba 1969 katika Mkataba wa Uingiliaji, ulioanza kutumika 1975. Itifaki ya 1973 ikaongeza vitu vingine visivyokuwa mafuta, zikiwemo kemikali.

Hivi ndivyo njia kuu zinavyosimama bega kwa bega:

| | Sheria ya nchi, ndani ya maili 12 | Mkataba wa Uingiliaji, 1969 | Mkataba wa Nairobi wa Uondoaji wa Mabaki, 2007 |
|---|---|---|---|
| Unaanza lini | Kama bunge lilivyoamua | Baada ya ajali, hatari ikiwa kubwa na ya karibu | Mabaki yakihatarisha safari za meli au mazingira |
| Unafanya kazi wapi | Bahari ya nchi na bandari | Bahari kuu, nje ya bahari ya nchi | Ukanda wa kiuchumi. Pia bahari ya nchi kama nchi imetamka hivyo |
| Unaruhusu nini | Amri kwa nahodha, mmiliki, rubani, waokoaji | Hatua yoyote inayolingana na hatari, hata kuizamisha meli | Kumpa mmiliki muda wa kuondoa, kisha serikali kuondoa yenyewe |
| Masharti | Katiba na sheria za nchi | Kushauriana na nchi ya bendera, isipokuwa dharura isiyosubiri | Kuamua kwanza kama kuna hatari, na kumjulisha mmiliki |
| Gharama | Inategemea sheria | Serikali hutangulia kulipa | Mmiliki. Bima ni lazima kwa meli za kuanzia tani 300 za ujazo |

Safu ya katikati ndiyo inayowatia woga mawakili wa serikali. Mkataba wa 1969 unasema serikali ikipita kiasi katika hatua zake, italipa fidia. Ofisa akikumbuka kifungu hicho saa nane usiku, mkono unakuwa mzito. Ibara ya 221 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inampunguzia mzigo. Nayo inadai hatua zilingane na madhara yaliyopo au yanayotishia, lakini haikurudia maneno ya hatari "kubwa na ya karibu", na imetaja waziwazi uvuvi kuwa ni maslahi yanayolindwa. Kama naandika sheria leo, nainakili lugha ya ibara hii, siyo ile ya 1969. Meli iliyopasuka ikiwa bado maili 60 nje ni tishio tayari. Kubishana kama tishio hilo limeshakuwa "la karibu" ni kupoteza saa ambazo boti la kuvuta lingeshafika.

Mkataba wa Nairobi ni chombo cha kazi nyingine, ingawa wengi wanauchanganya na ule wa 1969. Uzuri wake ni upana. Mabaki kwa mkataba huu ni meli iliyozama, iliyokwama, na hata ile inayoelekea kuzama kama hakuna hatua za maana za kuisaidia zinazoendelea. Makontena yaliyoanguka nayo yamo. Tena una meno ya fedha, kwa sababu serikali inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja bila kumsaka mmiliki aliyejificha nyuma ya kampuni ya anwani tu. Lakini mwendo wake wa kawaida ni wa barua: tumeona hatari, tunakupa hadi tarehe fulani. Kuna kifungu cha kuchukua hatua mara moja pale hali inapodai, ila kazi yake halisi huonekana baada ya dhoruba kupita, meli ikiwa imelala mwambani na mmiliki ameanza kutojibu simu.

Kwa hiyo anayechagua asidhani anachagua moja na kuacha nyingine. Ibara ya 221 na sheria ya nchi ni za usiku wa ajali. Nairobi ni ya wiki zinazofuata. Nchi iliyoridhia mkataba wa mabaki peke yake, ikaacha sheria yake ya maili 12 bila ofisa aliyetajwa, imejiandaa kuzoa uchafu baada ya kushindwa kuuzuia.

Mahali: kuisukuma nje au kuileta ghubani

Huu ndio uamuzi unaoumiza, na ndio ambao silika ya kisiasa huupotosha zaidi. Kila kiongozi anataka meli chafu iondoke mbele ya macho ya wapiga kura wake.

Chukua meli ya mafuta ya Prestige. Tarehe 13 Novemba 2002 iliomba msaada karibu na rasi ya Finisterre huko Galicia, ikiwa na tani 77,000 za mafuta mazito na ubavu umepasuka kwenye dhoruba. Serikali ya Hispania iliamuru ivutwe mbali. Ikaburutwa kaskazini-magharibi, kisha ikageuzwa kusini, na Ureno nayo haikuitaka kwenye maji yake. Tarehe 19 ikakatika vipande viwili umbali wa takriban kilomita 250 kutoka pwani, ikazama kwenye kina cha zaidi ya mita 3,500. Zaidi ya tani 60,000 zilimwagika, na mafuta yakachafua fukwe kuanzia Galicia hadi Ufaransa. Mamlaka yalitumika, tena mapema. Yalitumika kuelekea upande mbaya. Meli yenye ubavu wazi ikivutwa siku sita kwenye mawimbi inazidi kuraruka, na mafuta yanayotoka mbali yana nafasi ya kutawanyika kabla ya kugusa nchi, hivyo badala ya ghuba moja chafu unapata mamia ya kilomita.

Linganisha na MSC Napoli. Januari 2007 meli hii ya makontena ilipasuka kwenye Mlango wa Uingereza ikiwa na makontena zaidi ya 2,300 na takriban tani 3,500 za mafuta ya kuendeshea mitambo. Mabaharia wote 26 waliokolewa kwa helikopta tarehe 18. Boti za Kifaransa zikaanza kuivuta kuelekea Portland, lakini nyufa ziliongezeka njiani. Ofisa mmoja wa Uingereza, kwa mamlaka aliyopewa kisheria, akaamua ipandishwe makusudi kwenye maji mafupi ya Lyme Bay. Tarehe 20 ikakalishwa karibu na ufukwe wa Branscombe. Zaidi ya makontena 100 yalianguka baharini na watu wakavamia ufukwe kuzoa vilivyomo, hata pikipiki mpya za BMW zikasukumwa mchangani mbele ya kamera. Ilikuwa aibu ya wiki kadhaa, na kuikatakata meli kulichukua muda mrefu. Lakini mafuta mengi yalipampiwa nje ya matangi kabla ya kumwagika, kwa sababu meli ilikuwa imekaa mahali ambapo mafundi wanaweza kuifikia.

Hapo utaona kwa nini wataalamu wengi wa uokoaji huelekea kwenye ghuba. Pampu, vizuizi vya kuelea na boti ndogo hufanya kazi kwenye maji tulivu; kwenye mawimbi ya mita 8 vyote ni mapambo. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa miongozo kuhusu mahali pa kukimbilia kwa meli zenye shida, na Umoja wa Ulaya umezitaka nchi wanachama ziwe na mamlaka yenye uhuru wa kuamua jambo hilo. Hata hivyo hakuna mkataba unaoilazimisha nchi kuipokea meli. Na anayeishi kwenye ghuba iliyochaguliwa ana haki ya kuuliza kwa nini iwe yeye, ndiyo maana orodha ya ghuba za akiba huandaliwa mapema, baada ya kuzungumza na wavuvi na kupima kina, mikoko na matumbawe. Orodha hiyo haiandaliwi meli ikiwa tayari imeonekana upeoni.

Je, kusukuma nje hakufai kamwe? Kunafaa, ila kwa sababu mahususi. Meli ya Castor mwishoni mwa 2000 ilikuwa na tani 29,500 za petroli na ufa kwenye sitaha. Mvuke wa petroli karibu na mji ni jambo jingine kabisa kuliko mafuta mazito. Nchi kadhaa za Mediterania ziliikataa, ikazunguka kwa zaidi ya mwezi, na mwishowe petroli ikahamishiwa meli nyingine baharini bila maafa. Walifanikiwa, na nadhani bahati ilichangia: hali ya hewa ingekuwa mbaya zaidi kidogo, leo tungeisimulia pamoja na Prestige. Kwa mizigo inayolipuka au gesi ya sumu, umbali una maana. Kwa mafuta mazito, umbali peke yake haulindi chochote.

Kuna pia kosa la kuchelewa kisha kusukuma. Meli ya makontena ya X-Press Pearl ilikuwa na tindikali ya naitriki inayovuja kwenye kontena, na kabla ya kufika Sri Lanka bandari za Qatar na India hazikulipokea kontena hilo. Mei 2021 ikawaka moto nje ya Colombo. Ilipokuja kuvutwa kuelekea maji ya kina, tayari imejaa maji. Mwanzoni mwa Juni tezi ikagusa chini na meli ikazama pale pale, baada ya punje za plastiki kufunika fukwe. Bandari iliyokataa kontena moja lenye matatizo ilikuwa ndani ya haki yake ya kisheria. Bahari ndiyo iliyolipa.

Kuhusu kuharibu meli kabisa, kwa moto au mabomu, sitasema mengi. Mamlaka hayo lazima yawemo kwenye sheria, kwa maneno wazi, ili siku yakihitajika asitafutwe mwanasheria. Ila matokeo yake ni ya kubahatisha. Mwaka 1999 huko Oregon, meli ya New Carissa ilichomwa kwa vilipuzi ili mafuta yake yaungue, ikakatika vipande viwili. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilipovutwa baharini kamba ikakatika, ikarudi ufukweni kwingine. Ikavutwa tena, na mwisho wake nyambizi ya Marekani ikaizamisha kwa torpido. Na mwaka 1967, tani zipatazo 10,000 za sabuni za kuyeyusha mafuta zilizomwagwa Cornwall ziliua viumbe wa miambani kuliko mafuta yenyewe yalivyofanya. Serikali yenye mamlaka makubwa inaweza kuchafua kwa bidii zaidi ya meli.

Nani aishike amri

Waswahili walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna mahali methali hiyo inapolipiwa kwa fedha taslimu kama kwenye ajali ya tanka.

Februari 1996 Sea Empress iligonga miamba kwenye mlango wa Milford Haven, Wales. Kwa karibu wiki nzima iling'olewa ikapigwa tena miambani, wakati mamlaka ya bandari, waokoaji, wawakilishi wa mmiliki na maofisa wa serikali wakikutana. Tani 72,000 za mafuta ghafi zikatoka. Jaji mstaafu Lord Donaldson aliyepewa kazi ya kupitia mfumo mzima alipendekeza uwe na mtu mmoja tu mwenye amri, asiyeingiliwa na wanasiasa wakati operesheni inaendelea. Tangu 1999 Uingereza ina ofisa huyo, ajulikanaye kwa kifupi kama SOSREP. Anaweza kumwamuru nahodha, mmiliki, waokoaji na mkuu wa bandari. Amri isipotiiwa au isipotosha, anaweza kuishika meli mwenyewe, hata kuizamisha. Waziri akiwa haridhiki ana mambo mawili tu ya kufanya: amuunge mkono au amwondoe. Hawezi kumnong'oneza aisogeze meli kwenye jimbo la mwenzake. Ndiye aliyeipeleka Napoli Lyme Bay.

Ufaransa ilipitia njia yake. Machi 1978 usukani wa Amoco Cadiz uliharibika asubuhi karibu na Brittany. Boti la Kijerumani liitwalo Pacific likafika mchana. Masaa yakapita nahodha akijadiliana na boti hilo juu ya aina ya mkataba wa uokoaji na kusubiri ridhaa ya kampuni yake kule Chicago, na hakuna amri ya serikali iliyokata mjadala huo. Usiku ule meli ilikuwa juu ya miamba ya Portsall na tani 223,000 zilikuwa njiani kwenda fukweni. Leo uwezo uko kwa prefekti wa bahari, ambaye ni admirali anayewajibika kwa Waziri Mkuu. Anampa mmiliki onyo rasmi lenye muda. Muda ukipita anachukua hatua kwa gharama za mmiliki. Na kwa kuwa onyo bila boti ni karatasi, boti kubwa la kuvuta liliwekwa Brest likisubiri dhoruba. Udhaifu wake uko kwenye mstari wa maji: mafuta yakigusa mchanga, kazi inahamia kwa prefekti wa nchi kavu, na makabidhiano hayo huwa na mikwaruzo.

Ujerumani, ambayo ina serikali kuu na majimbo, haikuweza kumpa mtu mmoja kirahisi. Oktoba 1998 Pallas, meli iliyobeba mbao na iliyokuwa ikiungua, ilisukumwa na mawimbi hadi karibu na kisiwa cha Amrum wakati idara zikiwa zimegawana majukumu. Januari 2003 ikaanzishwa Havariekommando huko Cuxhaven, kamandi ya pamoja ya serikali kuu na majimbo matano ya pwani. Ajali ikizidi uwezo wa kawaida, mkuu wake huchukua amri yote. Kwa nchi yoyote ya shirikisho au ya muungano, huu ndio mfano wa kuusoma kwanza, kabla ya ule wa Uingereza.

Marekani ina mratibu wa eneo la ajali, kwa kawaida ofisa wa Walinzi wa Pwani, na sheria ya 1990 iliyofuata maafa ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilimwongezea kitu ambacho wenzake wengi hawana: mfuko wa fedha anaoweza kuufungua papo hapo, hesabu na mmiliki zikafuata. Ukinilazimisha nichague sifa moja tu ya kuiba kutoka mfumo wowote, ningeiba hii.

Na kumwachia waziri au baraza la mawaziri? Faida yake ni uwajibikaji wa wazi kwa wananchi. Ila waziri ana simu nyingi, haijui bahari, na kila ghuba kwake ina mbunge. Nafasi yake nzuri ni kabla ya ajali, kuidhinisha mpango na orodha ya ghuba, na baada yake, kujibu maswali bungeni.

Nchi ndogo ichague nini

Meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe ya Pointe d'Esny, Mauritius, tarehe 25 Julai 2020, ikiwa na tani zipatazo 3,800 za mafuta mazito. Ilikuwa ndani ya maji ya nchi, hivyo mkataba wa Brussels haukuhitajika. Mafuta yalianza kuvuja Agosti 6 na dharura ya mazingira ikatangazwa siku iliyofuata. Takriban tani 1,000 zilimwagika, huku wakazi wakishona vizuizi vya majani ya miwa. Serikali ilisema mawimbi makali yaliwazuia waokoaji. Inawezekana kabisa. Lakini nchi isiyo na boti kubwa la kuvuta karibu inatakiwa kutoa amri mapema zaidi ya nchi tajiri, kwa kuwa msaada wake unatoka mbali.

Kwa nchi ya aina hiyo ningechagua hivi: ofisa mmoja aliyetajwa kwa cheo chake katika sheria, mwenye naibu anayepatikana usiku, lugha ya ibara ya 221, mkataba wa kusubiri uliokwisha kusainiwa na kampuni ya uokoaji, makubaliano na jirani kuhusu ghuba za akiba, kwa sababu mkondo wa bahari haujui mpaka, na mfuko, hata mdogo, wa kulipia boti la kwanza. Mfumo wa kijeshi wa Ufaransa uachiwe wenye jeshi la maji la kutosha.

Tena ofisa huyo aanze kuandika daftari tangu simu ya kwanza: saa, upepo, alichoambiwa, alichoamuru. Chini ya mikataba ya fidia ya mafuta ya matanki ya 1992, gharama za kuzuia uchafuzi zinadaiwa hata kama hakuna tone lililomwagika, mradi tishio lilikuwa kubwa na la karibu, na hatua zilikuwa za busara kwa yale yaliyojulikana wakati ule. Wenye bima hawatauliza yalivyokuja kujulikana baadaye. Wataomba daftari.